Mfadhili na Mdhamini: Njia ya Ubingwa Kutoka Mulago Hadi London

Kiswahili kina maneno mawili pale Kiingereza kinapotumia moja. Mfadhili ni yule anayelipa. Mdhamini ni yule anayesimama mbele ya wenye mamlaka na kusema, huyu namjua, akiharibu niulizeni mimi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo ufunguo wa historia ya madaktari waliovuka bahari kwenda Uingereza kusomea ubingwa, kwa maana ni historia ya mfadhili kujiondoa hatua kwa hatua, hadi mdhamini akabaki peke yake.

Vyuo vya Kifalme vya udaktari vina umri mkubwa: kile cha wapasuaji cha Edinburgh kilianza 1505, na cha matabibu cha London mwaka 1518. Lakini kufuli halisi la mlango lilitiwa na Sheria ya Udaktari ya 1858, iliyounda baraza la kutunza daftari la madaktari, ambalo leo wengi hulijua kwa herufi zake tatu, GMC. Makali ya daftari hilo aliyaonja Hastings Kamuzu Banda, aliyekuja kuwa rais wa Malawi, wakati huo ikiitwa Nyasaland. Alihitimu udaktari Marekani mwaka 1937, katika chuo cha Meharry, kisha akaambiwa kwamba shahada hiyo haimruhusu kutibu katika makoloni ya Mwingereza. Ikambidi aanze upya Edinburgh, akapata sifa nyingine mwaka 1941. Serikali ya Nyasaland na Kanisa la Scotland walimsaidia kwa fedha, wakitumaini atarudi kutibu watu wake. Alirudi kweli, ila mwaka 1958, na hakurudi kutibu: alirudi kuongoza chama cha siasa. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa daktari wa Waingereza, Liverpool na baadaye London.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake, fupi na yenye dari ya chini. Hospitali ya Mulago ilianzishwa Kampala mwaka 1913, na mafunzo ya utabibu Makerere yakaanza katika miaka ya 1920. Vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar walisoma hapo kwa miaka mingi, wakatoka na cheo cha madaktari wasaidizi Waafrika. Neno “wasaidizi” halikuwa la adabu tu. Lilikuwa na mshahara wake, nyumba yake na mipaka yake, kwani bingwa alikuwa Mzungu na aliletwa kwa meli. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo sifa ya Makerere ilipokubaliwa London, na kuanzia hapo mhitimu wa Mulago akaweza kuota kuwa bingwa bila kurudi darasa la kwanza.

Julai 5, 1948 Uingereza ilizindua Huduma ya Taifa ya Afya, NHS. Matibabu ya bure kwa taifa zima yalihitaji mikono ambayo nchi hiyo haikuwa nayo. Iliazimwa kutoka India na Pakistani, ambako vyuo vilijengwa kwa mfano wa Kiingereza na shahada zao zilitambulika. Rasmi madaktari hao walikuja kujifunza, na wengi walijifunza kweli. Lakini wengi pia walipangwa kwenye wadi ambazo wenyeji hawakuzitaka, za wazee na za wagonjwa wa akili, katika miji ya viwanda. Enoch Powell alikuwa Waziri wa Afya kati ya 1960 na 1963, madaktari hao walipokuwa nguzo za hospitali alizozisimamia. Miaka mitano baadaye alitoa hotuba maarufu ya kuwapinga wahamiaji. Sijaona mfano bora wa mkono mmoja kuita na mwingine kufukuza.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyokuwa enzi kuu ya mfadhili. Mkutano wa elimu wa Jumuiya ya Madola uliofanyika Oxford mwaka 1959 ulizaa ufadhili wa masomo wa Jumuiya hiyo, na serikali za nchi zilizotoka kupata uhuru ziliongeza nguvu zao. Tanganyika ilifungua shule ya udaktari Dar es Salaam mwaka 1963, na Nairobi ikafuata na yake mwaka 1967. Shule hizo zilihitaji walimu, na mwalimu alipaswa kuwa bingwa. Moscow nayo ilikuwa imefungua, mwaka 1960, chuo kikuu kilichokuja kuitwa kwa jina la Patrice Lumumba. Hata hivyo, kwa kizazi hicho, herufi za Vyuo vya Kifalme baada ya jina, FRCS kwa mpasuaji na MRCP kwa tabibu, ndizo zilizokuwa mizani. Mtumishi alipewa ruhusa ya masomo, nauli na posho, na nyumbani kiti kilimsubiri. Serikali ilikuwa mfadhili na mdhamini kwa pamoja.

Miaka ya 1970 ilivunja mpango huo kutoka pande zote mbili. Nchini Uingereza, Kamati ya Merrison ilitoa ripoti mwaka 1975 iliyotilia shaka uwezo wa madaktari wageni, na mwaka huohuo mtihani ulianza kuwekwa mlangoni. Baadaye ukajulikana kwa jina la PLAB, na upo hadi leo. Upande wetu, Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na Mulago ikapoteza walimu wengi. Wakati huohuo shahada za uzamili za udaktari zilikuwa zikiota mizizi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuwa bingwa bila kuiona London. Si wote walioona kuwa hilo lina heshima sawa. Mawazo hubadilika polepole kuliko mitaala.

Kisha ikaja miaka ya 1980, na uchumi ukapinda. Serikali zilizobanwa na madeni zilikosa fedha hata za dawa, sembuse za kumpeleka mtu Uingereza. Katika ombwe hilo Vyuo vya Kifalme vilibuni utaratibu wa wadhamini wawili: mkuu wa daktari nyumbani aliandika kwamba anamjua, na chuo cha Uingereza kikapokea dhamana hiyo, kikamtafutia nafasi hospitalini. Aliyeingia hivyo alisamehewa PLAB. Kuanzia 1985 kanuni za uhamiaji nazo zilimruhusu daktari aliye mafunzoni kukaa hadi miaka minne bila kibali cha kazi. Hapa ndipo maneno yetu mawili yalipoachana. Gharama sasa ilibebwa na mshahara wa hospitali, yaani na zamu za daktari mwenyewe, na mshahara si ufadhili, ni ujira.

Ruhusa hiyo ilikatwa ghafla Aprili 2006. Uingereza ilikuwa imeongeza wahitimu wake na kupanga upya mafunzo, na maelfu ya wageni waliokwisha kulipia mitihani wakajikuta nje. Chama cha madaktari wenye asili ya India, BAPIO, kilikwenda mahakamani, na mwaka 2008 majaji wa Bunge la Mabwana wakaamua kwamba mwongozo wa wizara uliowabagua baadhi yao haukuwa halali. Ushindi huo haukuirudisha njia ya zamani.

Iliyorithi nafasi yake mwaka 2009 inaitwa MTI, yaani mpango wa mafunzo ya udaktari, na inafaa kuitazama kwa karibu. Daktari wa Dodoma au Mombasa anatafuta hospitali yenye nafasi. Anafanya mtihani wa Kiingereza na kupata angalau alama 7.5. Shahada yake inathibitishwa na taasisi iliyoko Philadelphia, Marekani. Chuo cha Kifalme kinamdhamini kwa GMC bila PLAB, na muungano wa vyuo hivyo unamdhamini kwa idara ya uhamiaji. “Cheti” cha udhamini anachopewa si karatasi wala hakina muhuri. Ni namba ya kujaza kwenye fomu ya viza. Viza yenyewe ni ya miezi 24, na haigeuki kuwa makazi.

Tangu hapo mlango umefunguka na kufungwa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni dhidi ya kunyang'anya nchi dhaifu wataalamu wake, na orodha yake ya 2023 ina nchi 55, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwamo. Mwaka 2019 Uingereza iliwaweka madaktari wote katika orodha ya kazi zenye uhaba, na wageni wakashindana sawa na wenyeji. Julai 2025 ikatangaza kwamba wahitimu wake watatangulizwa. Nyumbani, chuo cha wapasuaji cha COSECSA, kilichoundwa mwaka 1999 na chenye ofisi Arusha, hakina kuta wala mabweni: mwanafunzi hufundishwa katika hospitali anamofanyia kazi. Na Wizara ya Afya ya Tanzania imerudi kulipia wanaosomea ubingwa bobezi.

Anayepita njia ya MTI, wakati huohuo, anajaza fomu yake usiku baada ya zamu. Banda alingojwa miaka mingi na waliomlipia. Huyu, tarehe yake ya kurudi imeandikwa kabla hajapanda ndege.