Kamba Aliyebaki na Jina

Huku kwetu Buna, kaunti ya Wajir, maji ni ya kisima na ya silanga. Bahari tunaisikia tu. Hata hivyo kuna kamba mmoja wa baharini ambaye nikisoma habari zake, naona kama nasoma zetu.

Jina lake la kisayansi ni Alpheus djiboutensis. Mholanzi J. G. de Man ndiye aliyempa mwaka 1909, kutokana na mji wa Djibouti, uliokuwa mji mkuu wa koloni la Pwani ya Kifaransa ya Wasomali.

Kamba huyu huchimba shimo katika mchanga wa maji mafupi, kule ambako nyasi za bahari huota. Kutwa anasukuma mchanga nje. Macho yake hayaoni mbali, basi shimo analigawana na samaki mdogo asiyeweza kuchimba kama yeye. Samaki anasimama mlangoni; kamba akitoka, papasi yake haimwachi mwenzake. Samaki akitikisa mkia, wote wawili ndani! Mjerumani Wolfgang Luther aliueleza ushirika huo mwaka 1958, baada ya kuutazama katika Bahari ya Shamu.

Mwaka huohuo watu wa Djibouti walipigishwa kura: wabaki na Ufaransa au la? Matokeo yakawa kubaki. Wakaulizwa tena 1967, jibu rasmi likawa lilelile, na neno “Wasomali” likafutwa katika jina la koloni. Likaitwa Eneo la Kifaransa la Waafar na Waisa. Uhuru ulifika tarehe 27 Juni 1977.

Sisi tulikuwa ncha nyingine ya nyota hiyohiyo. Bendera ya Somalia ya 1954 ina nyota ya ncha tano: moja ni Djibouti, nyingine ni NFD, ambamo Buna ilikuwamo. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka huku ikiuliza watu wanataka nini. Wasomali wengi walisema wanataka kuungana na Somalia. Mwaka 1963 tukabaki Kenya, tukapewa jina jipya, Kaskazini Mashariki, na vita vya shifta vikatuandama hadi 1967.

Mkoa huo nao ulikuja kuondolewa na Katiba ya 2010; sasa sisi ni kaunti. Koloni la Wafaransa limebadili jina mara mbili. Kamba amebaki na lake la 1909, naye hakuulizwa. Sisi tuliulizwa, tukajibu, na jibu likawekwa kando. Buna tu ndiyo iliyobaki Buna.