Jicho la Muuguzi Aliyehama Fani: Hoja ya Cheti cha Utaalamu Kusini mwa Maniema

Mjadala wa elimu ya wauguzi nchini Kongo kwa muda mrefu umekuwa mjadala wa herufi na namba. A2 katoka ITM, shule ya sekondari ya uuguzi. A1 kasoma miaka mitatu ISTM, chuo cha juu cha tiba. A0 kaongeza miwili juu ya hiyo. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) umeanza kuzifuta ngazi hizo za vyuo, na licence ya miaka mitatu inachukua nafasi ya graduat, yaani ile A1. Sina ugomvi na mageuzi hayo. Ugomvi wangu ni na dai lililopanda mgongoni mwake, ambalo nimelisikia katika vikao vya walimu mpaka nikalizoea: kwamba muuguzi mzoefu anayetaka kuhama fani, tuseme kutoka wodi ya wazazi kwenda kwenye kazi ya usingizi na ganzi, lazima arudi chuoni aanze mzunguko mzima kama kijana aliyemaliza sekondari jana.

Kwa Kasongo na Kabambare, tarafa mbili za kusini mwa Maniema, dai hilo haliongezi wataalamu, linawahamisha. Ninachotetea hapa ni cheti cha utaalamu baada ya diploma: mwaka mmoja au chini yake, kwa muuguzi mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano, kifundishwe katika hospitali kuu ya rufaa ya Kasongo, na mtihani usimamiwe na watu wa nje.

Kuhusu haja yenyewe hakuna ubishi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kugawana majukumu kati ya watumishi wa afya mwaka 2008. Tanzania imewafundisha wauguzi wazoefu kazi ya usingizi kwa kozi ya mwaka mmoja. Kenya, kupitia chuo chake cha mafunzo ya tiba cha KMTC, ina stashahada za juu za uuguzi wa wagonjwa mahututi na fani nyinginezo. Ubishi unaanza pale tunapouliza somo litolewe wapi, na nani alitambue.

Anayedhani swali la mahali ni dogo hajasafiri msimu wa mvua. Kutoka Kasongo hadi Kindu, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara. Kutoka Kabambare hadi Kasongo ni zaidi ya 100, na usafiri ni pikipiki. Tarafa hizi mbili zina zoni sita za afya: Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila. Upande wa Salamabila na Namoya dhahabu imevuta watu wengi, na vikundi vyenye silaha vimewafuata. Katika hospitali za huku anayepasua ni daktari asiye na fani maalumu, na anayelaza mgonjwa ni muuguzi. Basi muuguzi huyo amejifunza wapi? Mara nyingi jibu ni lile lile: amejifunza kazini, kwa kumtazama aliyekuwepo kabla yake.

Nitasimulia tukio moja, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikuwa ndani ya chumba cha upasuaji wakati wa operesheni ya uzazi. Muuguzi wa usingizi alikuwa amesafiri kwa msiba. Daktari akamwita mama mmoja wa wodi ya wazazi, mzalishaji wa miaka mingi, mtu ambaye nusu ya watoto wa mtaa ule wamepita mikononi mwake. Daktari mwenyewe alidunga bupivakaini kwenye uti wa mgongo, akamwambia, "Mama, umuangalie huyu," akaenda kunawa. Mama yule aliangalia vizuri sana. Alishika mkono wa mgonjwa, akamsemesha, akapima presha. Kisha mtoto akatolewa, na hakulia.

Hapo jicho lake likamwacha mama mzazi likaenda kwa mtoto, na miguu ikafuata jicho. Alimkausha, akamsugua mgongo, akamfuta pua. Mtoto akalia. Nyuma yake mzazi alikuwa amesema mara mbili kwamba moyo unamchafuka, midomo ilikuwa imempauka, na klipu ya oksimita ilikuwa imeteleza kidoleni. Daktari ndiye aliyeona, kwa kuwa damu ilikuwa imebadilika rangi. Dripu ikafunguliwa yote, miguu ikainuliwa, efedrini ikatafutwa na kupatikana, presha ikapanda. Wote wawili walitoka wazima.

Tulipoketi baadaye hakukuwa na wa kumlaumu, na mimi sikumlaumu. Mama yule hakukosa elimu. Alikuwa anajua presha ni nini, anajua ganzi ya uti wa mgongo huishusha, anajua kuweka dripu kuliko daktari. Kilichomshinda ni ujuzi wake mwenyewe. Miaka yote ile mwili wake ulikuwa umefundishwa kwamba mtoto asipolia, kila kitu kingine kinasubiri. Kwenye kiti cha usingizi sheria ni nyingine: mtoto ana watu wake, wewe una pumzi ya mama. Kijana asiyejua lolote asingekosea kwa namna ile. Angekosea kwa namna nyingine, pengine mbaya zaidi.

Ndiyo maana nasema kuhama fani ni aina ya pekee ya kujifunza, na watetezi wa mzunguko kamili hawaioni. Wanamhesabu muuguzi mzoefu kama mtu aliyepungukiwa saa za darasani. Wanamrudisha kwenye anatomia anayoijua, katika ukumbi uliojaa, huku kitu kimoja anachohitaji kufundishwa, yaani kuondolewa mazoea ya fani ya kwanza na kujengewa mapya, kikiwa hakimo katika ratiba. Kitu hicho hakifundishwi ubaoni. Kinafundishwa mezani, mgonjwa baada ya mgonjwa: kuinua taya, kubana mfuko wa hewa, kuandika mapigo na presha kila dakika tano hata pale ambapo hakuna kinachotokea, kujua ni wakati gani wa kumwambia daktari kwamba mgonjwa huyu hatulazi leo. Hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, maana katika hospitali zetu muuguzi hajazoea kumkatalia daktari.

Ushahidi wangu mkubwa hautoki mbali. Mwaka 1971 ulianza Kasongo mradi ulioongozwa na Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, na mji wetu ukaingia katika vitabu vya afya ya jamii. Wasomi wa nje wanaukumbuka zaidi kwa utafiti wa surua uliochapishwa katika The Lancet mwaka 1981, kuhusu chanjo na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35, ambao ubishi wake haukwisha upesi. Mimi naukumbuka kwa jambo jingine. Mradi ule ulichukua wauguzi waliozoea wodi na zahanati za kugawa dawa, ukawaweka kuwa wenye vituo vya afya: kupima, kuamua, kutibu, kufuatilia familia, kujua nani apelekwe hospitali na nani asipelekwe. Hiyo ilikuwa ni kuhama fani, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Na haikufanywa kwa kuwarudisha chuoni. Ilifanywa kwa maelekezo yaliyoandikwa hatua kwa hatua, kwa kadi za wagonjwa zilizojazwa kwa utaratibu mmoja, na kwa daktari aliyetoka hospitali akaenda kukaa na muuguzi kituoni akipitia naye maamuzi yake. Watafiti Wim Van Lerberghe na Pangu walionyesha mwaka 1988, katika Social Science & Medicine, kwamba mtandao wa vituo hivyo ulipunguza haja ya kulaza watu hospitalini. Zaire ilipojigawa katika zoni za afya 306 katika miaka ya 1980, Kasongo ilikuwa moja ya shule zake. Ajabu ni kwamba leo Kasongo yenyewe inaambiwa haina mahali pa kumfundishia muuguzi.

Msomaji makini atanirudishia silaha hiyo hiyo. Atasema: watu wa Kasongo na wenzao wa Antwerp walipigana vikali na huduma za afya za kuchagua, zile zilizopendekezwa na Walsh na Warren mwaka 1979, kwa hoja kwamba muuguzi lazima amwone mtu kwa ukamilifu wake, si ugonjwa mmoja. Wewe sasa unataka kumkatia fani moja. Hoja ni nzuri, lakini inasahau mpangilio. Muuguzi wa cheti ninayemsema amekwisha kuwa wa kila kitu kwa miaka mitano au kumi. Siku ambayo hakuna operesheni atarudi wodini.

Wengine watauliza kama muuguzi mwenye cheti atabaki huku. Msumbiji ilianza kuwafundisha técnicos de cirurgia, wahudumu wa upasuaji wasio madaktari, mwaka 1984. Pereira na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, walikuta takriban 9 kati ya 10 wako bado katika hospitali za wilaya baada ya miaka saba, wakati karibu madaktari wote walikuwa wameondoka. Mafunzo yale ni ya miaka mitatu, si mwaka mmoja, na kazi yao ni upasuaji. Hata hivyo somo la kubaki halitegemei urefu wa kozi. Linategemea kama cheti kinafungua mlango wa mjini.

Na hapo pana mwiba ambao siwezi kuung'oa wote. ITM ziko chini ya Wizara ya Afya, ISTM ziko chini ya Elimu ya Juu. Cheti cha hospitali kinaangukia kati ya viti viwili. Kisipotambuliwa, muuguzi hapandi daraja, na pengine ni mtu ambaye bado hajaingizwa kwenye orodha ya mishahara, anaishi kwa prime, yaani posho, ya hapa na pale na mgao wa mapato ya hospitali. Kikitambuliwa nchi nzima, mashirika ya Goma na Bukavu yatamchukua kabla wino haujakauka. Pendekezo langu ni kwamba Baraza la Wauguzi, lililoundwa kwa Sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016, likiandikishe kwanza kama idhini ya kufanya kazi katika mkoa, na Divisheni ya Afya ya Maniema iambatanishe nacho prime inayolipwa hapo hapo kazini. Kinshasa watasema hakuna utaratibu wa namna hiyo. Utaratibu wa vituo vya Kasongo nao haukuwepo kabla haujaanzishwa.

Sidai kwamba kila fani inafaa. Afya ya akili, ambayo Kabambare inaihitaji mno baada ya miaka ya vita, haina meza ambapo kosa huonekana katika dakika tatu. Kule ningetaka muda mrefu zaidi, na mazoezi katika kituo kama Sosame cha Bukavu. Ninasema kuhusu usingizi na ganzi, na ninasema tuanze na hiyo peke yake.

Kila zoni ina daftari la wauguzi waliotumwa masomoni. Ninawaomba waganga wakuu wa zoni zote sita wayafungue madaftari hayo, wahesabu waliokwenda na waliorudi, na wachapishe hesabu hiyo, hata kama itanipinga.