Shilingi Kumi za Solomon Linda

Tukisimuliwa historia ya muziki wa pop na rock, huoneshwa majukwaa: Beatles wakitua New York mwaka 1964, au Jimi Hendrix akiupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa la umeme huko Woodstock mwaka 1969. Hayo ni matukio makubwa, sibishi. Ila lipo moja la Johannesburg, la mwaka 1939, ambalo halikuwa na jukwaa wala mpiga picha, na kwangu linafaa kutajwa kabla ya hayo yote. Siku hiyo wanaume sita Wazulu waliimba mbele ya kipaza sauti. Sauti waliyoiacha kwenye santuri ikaja kuimbwa dunia nzima, na kiongozi wao akafa maskini.

Jina lake Solomon Linda. Alizaliwa mwaka 1909 huko Msinga, Natal, akakua akichunga ng'ombe kama watoto wengine wa kiume wa kwao, na kusoma katika shule ya misheni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alifuata njia ya vijana wengi wa vijijini: alikwenda Johannesburg kutafuta kazi. Huko aliongoza kundi lililoitwa Evening Birds. Walivaa suti za mistari na viatu vya kung'aa, wakiimba mwisho wa wiki kwenye kumbi walikokusanyika wafanyakazi wahamiaji, ambako makundi yalishindana mpaka usiku wa manane. Linda alikuwa mrefu, na sauti yake ilipaa juu ya wenzake wote. Chini yake aliwapanga waimbaji watatu wa besi, wakati makundi mengi yaliridhika na mmoja. Uzito ule wa besi ndio uliowatofautisha.

Kampuni ya Gallo ilikuwa na mojawapo ya studio za mwanzo kabisa kusini mwa Sahara. Mtayarishaji wake, Griffith Motsieloa, aliwaita Evening Birds warekodi, na mmojawapo wa nyimbo zao ukawa Mbube, yaani Simba. Maneno yake yalikuwa machache sana, yakimhusu simba na kumbukumbu za utotoni machungani. Walirudia mara tatu. Katika mara ya tatu, wimbo ukielekea mwisho, Linda akaacha njia iliyozoeleka na kubuni papo hapo mlio mpya wa juu, noti chache tu zinazoteremka taratibu. Hakuwa ameuandika popote. Mlio huo wa sekunde chache ndio ambao mtu wa Tokyo, Lagos au Tanga anaweza kukuimbia leo bila kujua ulitoka kwa nani.

Gallo ilimlipa Linda shilingi 10, na haki za wimbo zikabaki kwa kampuni. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 inakadiriwa santuri hiyo ilikuwa imeuza nakala 100,000 Afrika Kusini. Mtindo wa uimbaji wa aina hiyo nao ukaanza kuitwa mbube, na ndiyo mizizi ya isicathamiya, muziki ambao Joseph Shabalala na Ladysmith Black Mambazo waliufikisha mbali katika albamu ya Paul Simon, Graceland, mwaka 1986. Linda mwenyewe alikuwa akifungasha santuri katika kiwanda cha Gallo, mfanyakazi wa chini wa kampuni iliyokuwa ikiuza sauti yake.

Nakala ya santuri ilivuka bahari. Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo za asili, aliikuta New York na kumpa rafiki yake, mwimbaji Pete Seeger. Seeger aliisikiliza mara kwa mara, akajaribu kuandika alichosikia, na neno la Kizulu likageuka Wimoweh. Kundi lake, The Weavers, lilitoa wimbo huo mapema mwaka 1952 ukisindikizwa na okestra ya Gordon Jenkins, nao ukapanda chati za Marekani. Kwenye santuri mtunzi alitajwa kuwa Paul Campbell. Huyo hakuwa mtu. Ni jina la bandia ambalo kundi na wachapishaji wao walilitumia kwa nyimbo walizoziona kuwa za asili, zisizo na mwenyewe. Seeger alimtumia Linda dola 1,000 na kuagiza fungu lake la mrabaha limfikie, na kwa hilo anastahili kusemwa vizuri. Ila katika mkataba jina la Linda halikuwamo. Gallo nayo ilikuwa imeziachia haki za Marekani.

Hapo ndipo ninaposimama kwa uchungu. Watu husema Linda aliibiwa kwa sababu hakujua. Mimi naona walioandika karatasi zile walijua vema. Wimbo wa Mwafrika ukiitwa wa asili, unakuwa hauna mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hubebwa na anayekiona. Linda alikuwa hai, akifanya kazi, jina lake limechapwa kwenye santuri iliyofika New York. Kumtafuta kusingehitaji mpelelezi.

Mwaka 1961 vijana wa Brooklyn waliojiita The Tokens waliingia studio. Mtunzi George David Weiss, pamoja na Hugo Peretti na Luigi Creatore, aliwawekea maneno mapya ya Kiingereza yanayosema habari za simba aliyelala msituni, na mlio ule Linda alioubuni papo hapo ukawa ndio sauti kuu ya wimbo. Uliitwa The Lion Sleeps Tonight. Uliwekwa upande wa pili wa santuri, maana hakuna aliyeutegemea. Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri, na Desemba mwaka huo ukashika namba moja Marekani kwa wiki tatu. Miongoni mwa watunzi waliotajwa, Linda hakuwamo.

Wakati huo Linda alikuwa mgonjwa wa figo. Alikuwa ameshawahi kuanguka jukwaani. Nyumba yake ya Soweto ilikuwa na sakafu iliyosakafiwa kwa samadi, na mtoto wake mmoja alikufa kwa utapiamlo. Alifariki mwaka 1962. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe lenye jina.

Wimbo uliendelea na safari yake bila yeye. Mwaka 1982 kundi la Tight Fit lilishika nao namba moja Uingereza. Mwaka 1994 ukasikika katika The Lion King ya Disney, filamu ambayo watoto wetu waliipenda kwa sababu ilijaa Kiswahili chao: Simba, Rafiki, hakuna matata. Nasi tulicheka Timon na Pumbaa walipouimba, bila kujua kwamba mabinti wa Linda walikuwa Soweto wakihangaika na kodi na chakula.

Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika Kusini, Rian Malan, aliifukua habari hii katika jarida la Rolling Stone, akikadiria kwamba wimbo ulikuwa umeingiza dola milioni 15 kwa matumizi ya The Lion King pekee. Wanasheria wakaamka. Mmoja wao, Owen Dean, alitoa silaha iliyosahaulika: Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika makoloni yake na dola zilizokuwa chini ya mfalme wake. Ilisema kwamba mtunzi akishafariki, baada ya miaka 25 haki alizowauzia wengine hurudi kwa warithi wake. Linda alifariki mwaka 1962, hivyo tangu mwaka 1987 wimbo ulikuwa mali ya familia yake katika nchi hizo. Mwaka 2004 mabinti walifungua kesi dhidi ya Disney Afrika Kusini, na mahakama ikazuia alama za biashara za kampuni hiyo zaidi ya 200 zilizosajiliwa nchini humo. Februari 2006 pande husika zilipatana nje ya mahakama. Warithi walilipwa, mfuko wa kusimamia haki zao ukaundwa, na Solomon Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza.

Ilikuwa imepita miaka 67 tangu siku ile ya studio.

Nasi Afrika Mashariki tunayajua mambo haya kwa karibu. Malaika umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M., huku hapa nyumbani watu wakibishana miaka na miaka juu ya nani aliutunga, Fadhili William au Adam Salim. Bendi za Tanzania zilirekodi nyimbo chungu nzima katika studio za Redio Tanzania, na nyingi za nyimbo hizo zinazunguka leo kwenye intaneti. Kwa sheria za Kenya na Tanzania, utungo hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki wa Tanzania Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029.

Basi kama kwenu kuna mzee aliyetunga au kuimba katika bendi, kwaya au kikundi cha taarabu, kaa naye wiki hii. Andikeni majina ya nyimbo, mwaka, studio, waliokuwamo, na karatasi gani ilisainiwa na nani. Kisha pelekeni kumbukumbu hizo kwenye taasisi za hakimiliki: COSOTA mkiwa Tanzania, au KECOBO mkiwa Kenya. Na kama mzee ameshafariki, nendeni hivyo hivyo, kwa maana mabinti wa Linda walikwenda baba yao akiwa kaburini zaidi ya miaka 40, na sheria ikawasikiliza.