Unga wa Kijani na Kinywa cha Kiluwiluwi

Mbu ajulikana kwetu kwa damu tu, na si ajabu, kwani ndicho chakula chake kituumizacho. Walakini katika umri wake wote ni jike peke yake, akisha kuota mbawa, aitakaye damu hiyo, naye huitaka ili apate kuyapevusha mayai yake, ama chakula cha kumpa nguvu za kuruka, yeye na dume hushiriki utamu wa maua na utomvu wa mimea. Mwana wake, kiluwiluwi, hula vijimea na vijidudu vya majini visivyoonekana kwa macho, kisha akiingia hatua ya tatu, kabla ya kuruka, hali kitu kabisa. Katika milo hiyo yote, uliomponza mbu wa malaria kuliko mwingine ni ule wa utotoni.

Kiluwiluwi wa mbu huyu hana mrija mrefu wa kupumulia kama wa yule wa chooni, aning'iniaye kichwa chini. Yeye hulala sambamba na uso wa maji, akakizungusha kichwa nusu duara hata kinywa kikaelekea juu, akawa anafagia kwa vinyweleo vyake kila chembe ieleayo, pasipo kuibagua. Mwaka 1921 Wamarekani wawili, Barber na Hayne, waliitumia tabia hiyo: walichukua unga wa kijani wa shaba na aseniki, uliokuwa zamani rangi ya kupakia kuta, wakauchanganya sehemu moja kwa 100 za vumbi la barabarani, wakaurusha juu ya maji, na viluwiluwi wakaula wakafa.

Thamani yake ilidhihirika Brazili. Mnamo Machi 1930 Raymond Shannon alimgundua katika mji wa Natal mbu wa Afrika, Anopheles gambiae, aliyesadikiwa kuvuka bahari kutoka Dakar katika merikebu za Kifaransa za kuchukua barua. Mbu huyo alipuuzwa, akaenea, hata mwaka 1938 bonde la mto Jaguaribe likafikwa na msiba mkubwa: wagonjwa walipita 100,000, na waliofariki wakakadiriwa kufika 14,000. Hapo ndipo serikali ya Getúlio Vargas, pamoja na wakfu wa Rockefeller, ilipomkabidhi Fred Soper jeshi la watu wapatao 4,000. Nyumba na magari yalinyunyiziwa pareto. Lakini kazi hasa, kazi ya jasho, ilikuwa kuyazungukia maji kila juma, kisima kwa kisima, dimbwi kwa dimbwi, hata nyayo za ng'ombe zilizotuama maji, na kuutia unga kabla kiluwiluwi hajawahi kupata mbawa. Mwishoni mwa 1940 mgeni yule alikuwa ametoweka nchini, na dawa ya wadudu ya DDT ilikuwa haijawafikia bado.

Misri nayo, aliyoingia mbu huyo mwaka 1942 kutoka Sudani, ilimwondoa kwa njia iyo hiyo kufikia Februari 1945. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja DDT, watu wakageukia kuzinyunyizia kuta za nyumba, na unga ukawekwa kando. Kuwekwa kando aseniki sikusikitikii, maana ni sumu; nasikitikia kule kuachwa kuyafuata maji. Huku kwetu, kwenye asili ya mbu huyu, masika hujaza mashimo yasiyohesabika mashambani, na huko njia ya Soper haifiki mbali. Lakini mijini, ambako madimbwi yaweza kuandikwa daftarini mtaa kwa mtaa, kazi ile ilistahili kuendelezwa.