VPN nchini Kongo: namna ilivyoingia, kitu inachoficha na kitu isichoficha

Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi walijua neno VPN mbele ya kujua maana yake. Hawakulipata shuleni. Lilikuja pamoja na uchaguzi na maandamano, siku ambazo simu zilinyamaza.

Mambo yalianza na SMS. Kisha uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011, serikali iliamuru kampuni za simu zifunge SMS, na wakaaji walikaa bila hizo karibu mwezi wa Desemba wote. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya mswada wa sheria ya uchaguzi, ilikuwa zamu ya intaneti: kwenye simu ilikosekana zaidi ya juma mbili. Kifungu cha 46 cha sheria ya mawasiliano ya Oktoba 2002 kiliipa Serikali ruhusa ya kukataza matumizi ya mitambo hiyo, yote ao sehemu yake.

Wakati ule VPN haikusaidia kitu, sababu inahitaji intaneti ili ifanye kazi. Kilichosaidia ni kadi ya SIM ya jirani: wakaaji wa Goma walishika mtandao wa Rwanda karibu na mpaka wa Gisenyi, na wa Kinshasa walitafuta ule wa Brazzaville, ng'ambo ya mto.

Desemba 2016, muhula wa pili wa Raisi Joseph Kabila ulipofika mwisho, intaneti haikukatwa yote. Mitandao ya kijamii ndiyo ilizuiliwa. Hapo VPN ikapata kazi.

Kwa kawaida, kampuni ya simu inaona kama mtu anaelekea Facebook ao WhatsApp, na inaweza kumfungia njia. VPN inatia kila kitu ndani ya bahasha isiyosomeka na kuituma kwanza kwenye mashine iliyo katika inchi ingine. Mashine hiyo ndiyo inaifungua na kuendeleza safari. Kampuni ya simu inaona bahasha tu.

Ufundi huo haukubuniwa kwa ajili ya maandamano. Katika miaka ya 1990, makampuni yalitaka wafanyakazi walio mbali waingie katika mtandao wa ofisi bila mtu mwingine kusikiliza. PPTP, iliyoanzia Microsoft mwaka 1996, ni moja ya njia za kwanza. OpenVPN ya James Yonan ilifuata mwaka 2001. Kazi ya kwanza ilikuwa kulinda siri.

Kongo ilijifunza kinyume: kufungua mlango kwanza, siri baadaye. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kabisa karibu juma tatu, na VPN ikabaki picha tu kwenye simu. Mwanzo wa Februari 2025, siku chache kisha M23 kuingia Goma, X na duka la Google Play vilizuiliwa. Mwenye VPN tayari aliendelea. Asiyekuwa nayo alipata shida ya kuipakua.

Katika haraka hiyo, watu wanachukua programu yoyote ya bure. Lakini VPN haiondoi jicho, inalihamisha: mambo ambayo kampuni ya simu iliyaona, sasa mwenye VPN ndiye anaweza kuyaona. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. Programu yake ya VPN ilijitangaza kama ulinzi, kumbe ilikusanya habari juu ya matumizi ya simu za watu. Ilitoka katika duka la Apple mwaka 2018, na mwaka 2019 ikafungwa.

Tena VPN haifichi jina lililo kwenye akaunti. Antena bado inajua simu iko wapi. Na simu ikifunguliwa kwa nguvu kwenye bariera, aliyeishika anasoma ujumbe kama mwenyewe.

Sheria ya 2002 ilipewa nafasi na ingine ya Novemba 2020, na Machi 2023 inchi ilipata Kode ya dijitali, yenye kugusa ulinzi wa habari za mtu binafsi. Lakini mkaaji wa kijiji anayemtumia mwandishi wa habari majina ya waliouawa hawezi kungoja sheria. Kwake, kujua VPN inaishia wapi ni jambo la uzima: ujumbe ukiisha kufika, aufute pande zote mbili.