Barua na Jarida katika Kazi ya Kamati ya Lugha

Tusomapo habari za usanifishaji wa Kiswahili, aghalabu huonyeshwa mambo mawili: mkutano wa Mombasa wa 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na kamusi ya Frederick Johnson iliyotoka 1939. Baina ya hayo mawili imo miaka kumi na moja ya barua, nazo barua hazina wa kuzisifu.

Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi Januari 1930 huko Dar es Salaam, Johnson akiwa katibu. Wajumbe walitawanyika Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kukutana kulikuwa kwa nadra. Mswada wa kitabu cha shule ulifungwa, ukatiwa posta, ukarudi na masahihisho. Mwaka huo huo Kamati ikaanza kutoa jarida lake.

Mbona hawakuchoka? Twaonavyo sisi, hawakushikamana na posta kwa wepesi wake, maana nyepesi haikuwa. Walijua kwamba upande wa pili yuko mtu ambaye kujibu ndiyo kazi yake. Kitabu kilichokubaliwa kilichapwa kikiwa na idhini ya Kamati, kwa hiyo mwandishi na mchapaji wote walihitaji jawabu. Tena neno likishaandikwa halipotei: Johnson alifariki 1937, kamusi haijatoka, na wenzake wakaikamilisha kwa kuwa kazi ilikuwamo katika karatasi, si kichwani mwake tu. Makao yalihamia Nairobi 1942, kisha Makerere 1952. Mtindo wa kazi haukuvunjika.

Lakini doa lipo, wala halifai kufichwa. Miaka ya mwanzo wajumbe wote walikuwa Wazungu. Mzee wa Lamu au wa Pemba, aliyeinyonya lugha hii pamoja na maziwa ya mamaye, hakuwa na anwani katika orodha ile. Chombo kilichowaunganisha waliomo ndicho kilichomwacha nje asiyekuwamo, na baadhi ya manung'uniko juu ya Kiswahili sanifu yatokana na hapo.

Leo sisi walimu wa nchi jirani twapelekeana istilahi kwa simu, na jawabu laweza kufika kabla chai haijapoa. Hata hivyo vikundi vingi tulivyoviona vilinyamaza baada ya majuma machache, kwa kukosa katibu. Chetu kingali hai. Ajibuye ni mwalimu mmoja, naye mwakani anastaafu.