Safu ya Lugha: Kiendeshi si Dereva

Hapa Nunguni siku hizi utasikia kwamba kipakatalishi kipya "hakina dereva", kisa Linux imewekwa na skrini inaonyesha maandishi makubwa yaliyofifia, video nazo zinakwamakwama. Dereva tulimkopa kutoka Kiingereza, naye ni mtu: hushika usukani wa matatu ya Machakos na hulipwa ujira. Programu inayoiwezesha kadi ya picha kufanya kazi ni kiendeshi. Wapo wanaoiita hivyo diski pia. Mimi nasema diski ibaki diski.

Mfumo endeshi ni jambo jingine kabisa, yaani Linux yenyewe, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini hicho huja na viendeshi vya kadi za Intel na AMD, kwa hiyo mashine mpya mara nyingi hudai kiini kipya tu. Kiendeshi rasmi cha NVIDIA huongezwa kando. Kwenye Ubuntu, amri ni sudo ubuntu-drivers install.

Mafundi, tafadhali msimwambie mteja mfumo endeshi umeharibika ilhali kinachokosekana ni kiendeshi. Atakubali mashine ifutwe, na picha za familia yake zipotee bure.